Mwigo na Kipimo: Uhakiki wa Mchezo wa Video wa Mpira wa Kikapu

Neno mchezo katika Kiswahili lina kazi mbili. Mpira unaochezwa uwanjani kwa kushindana ni mchezo, na kisa kinachoonyeshwa jukwaani na watu waliojitwalia nafsi za watu wengine ni mchezo pia. Lakini hukumu ya huu si hukumu ya ule. Mchezo wa uwanjani huulizwa kama ulikuwa wa haki. Mchezo wa jukwaani huulizwa kama ulifanana na kweli. Mchezo wa video uitwao NBA 2K26, uliotolewa mwezi wa Septemba 2025, ni mchezo kwa maana zote mbili. Ni shindano baina ya watu wanaobonyeza vifungo mbele ya kioo cha televisheni, na tena ni maigizo ya shindano jingine, yaani mpira wa kikapu kama unavyochezwa katika ligi ya kulipwa ya Marekani. Kwa hiyo hauna budi kutiwa katika mizani mbili: ukweli wa mwigo wake, na haki ya ushindani wake. Katika makala haya yaelezwa ya kwamba katika mizani ya kwanza mchezo huu ni mzito, na katika mizani ya pili sehemu yake kubwa ni nyepesi. Na ya kwamba upungufu wa pili waila hata sifa ya kwanza.

Kinachoigwa chafaa kijulikane kabla ya kuhukumiwa kinachoiga. Mpira wa kikapu una jambo lisilo la kawaida katika michezo, nalo ni kuwa baba yake ajulikana. Mwezi wa Desemba 1891, James Naismith, mwalimu aliyezaliwa Kanada, alikuwa ametakiwa atafute mchezo wa kuwafaa vijana ndani ya nyumba wakati wa baridi, katika chuo cha YMCA mjini Springfield, Massachusetts. Aliandika kanuni 13. Vikapu viwili vya mapichi vikapigiliwa kwenye ukingo wa roshani, futi 10 kutoka sakafuni. Na wanafunzi 18 wakagawanywa pande mbili, tisa kwa tisa. Kimo kile cha futi 10 hakikubadilika mpaka leo, ijapokuwa hakikuchaguliwa kwa hekima yoyote ila kwa sababu roshani ndipo ilipokuwa.

Kitu cha pili kilichoupa mchezo huu umbo lake ni saa. Hapo zamani timu iliyotangulia kwa pointi iliweza kuushika mpira kwa muda mrefu bila ya kuutupa kikapuni, na watazamaji wakachoka. Mwaka 1954 Danny Biasone, mwenye timu ya Syracuse, alizitwaa sekunde 2,880 za mchezo mzima akazigawa kwa mitupo 120, ambayo kwa hesabu yake ndiyo idadi ya mitupo ya timu mbili katika mchezo wenye kupendeza. Jibu lilikuwa sekunde 24, na tangu hapo timu yenye mpira katika ligi ya NBA hupewa muda huo wa kutupa. Mwaka 1979 ligi hiyo ikachora mstari wa pointi tatu. Mpira wa kikapu, basi, ni ugomvi wa mwili na vitu viwili: kimo kisichopungua na muda usiongoja. Mwigo ambao haukuukamata ugomvi huu haukukamata kitu, hata kama jasho la wachezaji limechorwa tone kwa tone.

Waundaji wa michezo ya video wameuendea ugomvi huu kwa njia mbili. Njia ya kwanza ni ya kutia chumvi. Mfano wake ulio maarufu ni NBA Jam, uliotolewa na kampuni ya Midway mwaka 1993. Ndani yake hucheza wawili kwa wawili, faulo hakuna, mtu huruka juu kupita kikapu mara kadhaa, na anayefunga mara tatu mfululizo mpira wake huwaka moto. Huu ni usimulizi wa namna ya ngano, ambamo sungura hunena na mtu humezwa na zimwi akatoka mzima. Msikilizaji hadanganyiki, maana hakuambiwa ya kwamba mambo yako hivyo. Lakini hata katika ngano ile mlikuwa na siri. Mark Turmell, aliyeubuni mchezo huo, alikuwa mpenzi wa timu ya Detroit. Naye alikuja kukiri miaka mingi baadaye ya kwamba aliitegea mashine, ili Chicago ikikabiliana na Detroit na mchezo ukawa katika dakika ya mwisho, mitupo ya Chicago iende kombo. Kisa hiki huchekesha, lakini kina funzo ambalo mhakiki hafai kulisahau: kila mchezo wa mashine una mwamuzi asiyeonekana, na moyo wa mwamuzi huyo ni moyo wa aliyemuumba.

Njia ya pili ni ya mwigo halisi. Mfululizo wa NBA 2K ulianza mwaka 1999, ulipoundwa na Visual Concepts kwa ajili ya mashine ya Dreamcast ya kampuni ya Sega, na picha ya Allen Iverson ikawekwa juu ya jalada lake. Mwaka 2005 kampuni ya Take-Two iliwanunua waundaji hao, na toleo jipya limetoka kila mwaka. Wenye kufuata njia hii hawasemi ya kwamba wanasimulia ngano. Wao hudai ya kwamba kilichomo kiooni ndicho kilichomo uwanjani. Adaiye kweli apimwe kwa kweli.

Na kwa kipimo hicho toleo la 2025 lina mengi ya kusifiwa. Tangu toleo lililotoka mwaka 2023 waundaji wametumia ufundi wa kuzigeuza filamu za michezo ya kweli ya ligi kuwa mienendo ya miili kiooni, na katika toleo hili wamezishughulikia zaidi nyayo. Tunda la kazi hiyo ni uzito. Katika michezo ya zamani wachezaji waliteleza juu ya sakafu kama chombo juu ya maji shwari. Mtu aliweza kugeuka ghafula bila ya kupunguza mwendo, jambo ambalo hakuna goti la binadamu liwezalo kulistahimili. Sasa mwenye kukimbia lazima akanyage, ajizuie, ahamishe uzito kutoka mguu mmoja hadi wa pili, ndipo ageuke. Mlinzi aliyedanganywa na bega hukawia nusu ya sekunde kabla ya kurudi, na katika nusu hiyo ndimo mambo yote hutendeka.

Sifa kubwa zaidi imo katika mtupo. Tangu toleo la mwaka 2024 mchezaji aweza kuvuta nyuma kijiti cha kidhibiti kilicho mkononi mwake kisha akakisukuma mbele, na mwendo wa kidole sharti ulingane na mwendo wa mkono wa mtu aliye kiooni. Akiharakisha, mpira hugonga chuma. Akikawia, hugonga pia. Tena kila mtu aliyeigwa ana mwendo wake: huyu huachia mpira angali akipanda, yule hungoja mpaka afike kileleni. Jambo hili ni kama mizani ya shairi. Mshairi ajua kuwa silabi moja ikizidi au ikipungua ubeti huchechemea, na ya kwamba sikio huitambua kasoro kabla ya vidole kuhesabu. Anayecheza kwa njia hii haangalii tena namba wala mshale, husikiliza mapigo. Hapo mwigo umepita sura za nje ukafika kwenye roho ya kitu, maana mtupo uwanjani nao ni pigo la wakati kabla ya kuwa nguvu ya mkono.

Mchezo huu wafundisha pia adabu ya timu. Mwanafunzi wake wa kwanza aghalabu hufanya aliyoyaona katika televisheni: huchukua mpira, hurudi nyuma ya mstari wa pointi tatu, hutupa, hukosa, hutupa tena. Mashine humwadhibu bila ya kumhutubia. Baada ya kushindwa mara kadhaa hugundua ya kwamba yafaa amwite mwenziwe mrefu asimame kama nguzo mbele ya mlinzi, kisha apite ubavuni. Na walinzi wawili wakimwendea, ajue ya kuwa mahali fulani uwanjani yuko mmoja aliyeachwa peke yake. Kumtafuta huyo mmoja kabla ya sekunde 24 kwisha ndiyo elimu yote ya mpira wa kikapu, na elimu hiyo yapatikana hapa kwa mtu ambaye hakupata kukanyaga uwanja. Tena hayawahusu wanaume tu. Timu za ligi ya wanawake ziliingizwa katika mfululizo huu kwa mara ya kwanza katika toleo lililotoka mwaka 2019, na mwaka 2025 wachezaji wao wameingia hata katika sehemu ya kukusanya kadi, ambayo hapo kwanza ilikuwa ya wanaume peke yao.

Baada ya sifa hizi yafaa kutazama kitu ambacho mwigo wote umejengwa juu yake, nacho ni namba. Kila mtu aliyemo ndani ya mchezo huu ana kipimo kimoja kikuu kisichozidi 99, na chini yake vipimo vidogo vingi: mtupo wa karibu, mtupo wa mbali, mbio, kuruka, ulinzi, pasi. Mashine haimjui mtu. Yaijua hesabu yake. Watu wa uwanjani wenyewe wameanza kuiogopa hesabu hii. Katika toleo lililotoka mwaka 2021 wachezaji wanne walipewa 96, kipimo cha juu kuliko wote, na mmoja wao, Kevin Durant, akanung'unika hadharani ya kwamba alistahili 99. Mtu aliyekwisha kupata medali za dhahabu za Olimpiki alikuwa akidai pointi tatu kutoka kwa kivuli chake.

Upungufu wa namba ulidhihirika zaidi mwaka 2016. Katika msimu wa 2015–16 Stephen Curry wa timu ya Golden State alifunga mitupo 402 ya pointi tatu, ambapo kabla ya msimu huo hapakuwa na mtu aliyefikia 300. Mike Wang, aliyekuwa akiongoza uundaji wa uchezaji katika NBA 2K, alieleza wakati huo ya kwamba ilikuwa vigumu kumtia mtu huyu ndani ya mashine. Kanuni za mchezo zilikuwa zimewekwa ili zilipe mtupo wenye utaratibu mwema, na kuuadhibu mtupo wa pupa unaotupwa kutoka mbali huku mpira ukidundwa; naye Curry alikuwa akiishi kwa mitupo hiyo hiyo. Mwigo, basi, ulikuwa umemkataza mtu yule kufanya lile alilokuwa akilifanya kila usiku mbele ya maelfu ya watu. Kosa halikuwa la uvivu. Namba hutengenezwa kwa mambo yaliyopita, na bingwa wa kweli ni yule atendaye lisilokuwamo katika yaliyopita.

Wala si mashine peke yake ihadaikayo na vipimo. Katika uteuzi wa wachezaji wapya wa ligi hiyo mwaka 2009, Hasheem Thabeet, kijana wa Dar es Salaam, alichaguliwa wa pili na timu ya Memphis, akawa Mtanzania wa kwanza kuingia NBA. Kimo chake kiliandikwa kuwa futi 7 na inchi 3, na sifa yake ya ulinzi katika Chuo Kikuu cha Connecticut ilikuwa kubwa. Curry, mwembamba na mfupi kwa kadiri ya ligi ile, alichaguliwa wa saba katika uteuzi huo huo. Thabeet aliicheza ligi mpaka mwaka 2014 bila ya kupata nafasi ya kudumu. Curry akaubadilisha mchezo mzima. Jambo hili si la kumtia aibu Thabeet, kwani mlango alioufungua ulikuwa mzito, na kuufungua ni sifa isiyofutika. Ni la kuonyesha ya kwamba wataalamu wenye macho na uzoefu wa miaka mingi waliweza kupima kila kitu cha vijana wale wawili isipokuwa kile kilichokuja kuamua. Mwigo hufuata, hautangulii. Na maadamu wajua ya kuwa wafuata, hauna lawama.

Lawama yaanza pale kipimo kinapotiwa bei. Katika sehemu ya mchezo iitwayo maisha ya mchezaji, mtu huumba kijana wake, humpa sura na jina, humwingiza katika ligi akiwa na kipimo kidogo cha kiasi cha 60, kisha humkuza. Kukuza huko kwahitaji sarafu za ndani ya mchezo, zilizoingizwa katika mfululizo huu kwa toleo la mwaka 2012. Sarafu hupatikana kwa kucheza, polepole. Au hununuliwa kwa fedha halisi, mara moja. Katika matoleo kadhaa sarafu 75,000 ziliuzwa kwa dola 19.99, juu ya bei ya mchezo wenyewe. Basi vijana wawili wakutanapo kwa njia ya intaneti, mmoja aweza kuwa amefanya mazoezi mwezi mzima na mwingine amelipa, na mtupo wa aliyelipa ukaingia.

Wenye kuutetea mchezo huu husema ya kwamba hakuna anayelazimishwa, na kwamba mwenye subira hufika. Hoja hii ni dhaifu, maana urefu wa subira hiyo umepangwa na mkono ule ule uuzao njia ya mkato. Husema pia ya kwamba ligi yenyewe yaendeshwa kwa fedha, kwa hiyo mwigo wenye fedha ni mwigo wa kweli. Hoja hii ina nguvu zaidi, na yastahili kujibiwa kwa mambo yaliyopo. Ni kweli ya kwamba matajiri humiliki timu na hulipa mamilioni. Lakini ligi ya NBA yenyewe iliweka kikomo cha mishahara ya timu kuanzia msimu wa 1984–85, kwa sababu iliona ya kwamba fedha zikiachwa huru ushindani utakufa. Tena fedha za tajiri hununua mkataba wa mtu, hazinunui shabaha ya mkono wake. Chuma cha kikapu kiko futi 10 juu kwa mwenye mali na kwa fukara. Mwigo huu umenakili viatu, jasho na sauti za watangazaji. Kikomo kile na kimo kile kisichohongeka, katika sehemu yake ya fedha, umeviacha nje.

Mambo hayakuishia hapo. Katika sehemu ya kadi, mtu hununua pakiti asiyojua iliyomo, akitumaini kumpata bingwa. Mwaka 2018 tume ya Ubelgiji inayosimamia michezo ya bahati iliamua ya kwamba biashara ya namna hii katika michezo ya video ni kamari, na uuzaji wa pakiti hizo kwa sarafu za mchezo ukaondolewa katika nchi hiyo. Mwaka uliofuata, filamu ya kutangaza sehemu ya kadi ya toleo jipya ilionyesha gurudumu la bahati na mashine za kamari waziwazi, na watu wengi wakalaumu, maana mchezo huo huuzwa kwa watoto pia.

Na kinachonunuliwa hakidumu. Sarafu za toleo moja hazihamii katika toleo lifuatalo. Mitambo ya intaneti iliyolitegemeza toleo la NBA 2K20 ilizimwa tarehe 31 Desemba 2021, na ya NBA 2K21 ilizimwa tarehe 31 Desemba 2022. Kijana aliyekuzwa kwa fedha na kwa usiku mwingi ndani ya mji ule wa intaneti alizimika pamoja nayo. Mchezaji wa kweli akizeeka hubaki na mazoea ya mkono wake, huweza kumfundisha mwanawe. Aliyenunua kipimo hubaki na risiti.

Hivyo upungufu wa haki umegeuka kuwa upungufu wa ukweli. Palipo na mtupo ulionunuliwa, ile mizani ya kidole na mkono iliyosifiwa hapo juu haina kazi, kwa sababu asiye na pigo aweza kuwekewa pigo. Kazi nzuri ya mafundi wa nyayo na mabega yaharibiwa na karani wa duka aliyeketi katika nyumba hiyo hiyo. Kama mtu akighani shairi mbele ya hadhira, na silabi zilizopungua zikajazwa na aliyelipa, mashindano hayo hayataitwa tena ya ushairi.

Lakini haki yataka isemwe ya kwamba nyumba hii ina chumba ambacho karani hakuingia. Watu wawili wakiketi bega kwa bega mbele ya kioo kimoja, kila mmoja akachagua timu kama ilivyo katika ligi, hakuna sarafu itakayomfaa yeyote kati yao. Vipimo ni vya wote, vikiwa na kasoro zake zilizo wazi kwa wote, na kilichobaki ni jicho, kidole na busara ya kumtafuta yule mmoja aliyeachwa peke yake. Humo mchezo huu ni bora katika mizani zote mbili, na mtu aweza kuucheza miaka mingi bila ya kuwasha intaneti wala kutoa senti ya pili. Mzazi anayeombwa fedha na mwanawe hana haja ya kuujua mpira wa kikapu ili auhukumu. Na amwulize swali moja: jana ulipofungwa, ulifungwa na mkono wa mwenzako au na mfuko wake? Jibu likiwa la kwanza, amwache acheze, na kesho amtafutie mpira halisi na uwanja.